Sarafu ya Mrumi Uliyoifia Xintang

Mume wangu Feisal,

Ni mie, bibi yako, mkeo wa utani. Nakuandikia kutoka Guangzhou, chumba cha ghorofa ya juu kabisa nyuma ya stesheni ya treni, lifti mbovu, na magoti yangu unayajua. Mwaka jana tulipokuwa huku pamoja uliniambia, "Bibi, usirudi tena, mji huu utakuua." Umekuua weye, kijana mwenye mabega ya kubebea marobota, na mie kikongwe nimekaa dirishani nakunywa chai isiyo na sukari. Basi tusifundishane.

Nimekuja kuifuata sarafu. Nakwambia mapema usije ukajidanganya kuwa nimepanda ndege kuja kukulilia. Kulia nimelia nyumbani Kikwajuni, mbele za watu, mpaka wakanishika mikono. Huku nimekuja na shughuli. Mwanao amezaliwa, mtoto wa kike, masikio yako matupu. Arobaini yake imepita, ametolewa nje, na mkono wake hauna kitu. Salama mkeo haniulizi. Ananitazama tu, kisha anautazama ule mkono, kisha anamfunika mtoto.

Weye unaijua sarafu yenyewe, lakini nitaieleza, maana barua hii wataisoma na wengine, na watu wa kwetu wakisikia sarafu ya kale hudhani dhahabu. Si dhahabu. Ni shaba, ndogo, haifiki ukucha wa dole gumba, imefanya ukijani kama hina iliyotwangwa. Mama wa bibi yangu aliichimbua akipalilia muhogo Unguja Ukuu, akaitoboa kwa msumari akamfunga mwanawe wa kwanza. Tangu hapo kila mzaliwa wa kwanza wa ukoo wetu huivaa mkononi kwa uzi mweusi tangu arobaini mpaka meno yamtoke. Mama yako aliivaa. Weye uliivaa. Ulikuwa mtoto wa kilio, mama yako amekwishakufa, usiku kucha fizi zinakuwasha, na kitu pekee kilichokunyamazisha ni kuitafuna ile shaba kama mbwa na mfupa.

Upande mmoja ina kichwa cha mfalme, shingo nene, pua ndefu, amezungushia ushanga wa lulu kichwani, na nyuma ya kisogo zinaning'inia ncha mbili za utepe. Ulipoanza kusema uliniuliza kama ni bibi harusi. Nikakwambia ni babu yetu wa zamani, mfalme, na wafalme wa zamani walijipamba kuliko wanawake. Upande wa pili kuna mtu amesimama, kavaa kofia ya chuma. Mbele yake farasi amepiga magoti, na mtu mwingine anaporomoka kutoka mgongoni mwa farasi, mkono kauinua juu. Nikakwambia, huyu ameanguka, na huyu anamwinua.

"Na hiki kijiti, Bibi?"

"Fimbo. Anamwambia shika hapa nikuvute."

Ukaridhika. Nami nilikuwa nimeridhika tangu mdogo, maana hivyo ndivyo nilivyoambiwa na bibi yangu, na bibi yangu hakuwa mtu wa kutunga mambo.

Kisha akaja yule mtaalamu wa kuchimba mashimo ya kutafuta vitu vya kale kule Unguja Ukuu, weye ukawa unamtafsiria maneno na kumnunulia mikate. Siku moja ukaniomba sarafu ukamwonyeshe. Ulirudi nayo alasiri, mie nachambua mchele, umejaa kicheko mpaka machoni.

"Mke wangu, kaa vizuri. Nimekuletea habari za huyu bwana wako wa ushanga."

"Bwana wangu yu kaburini. Sema."

"Huyu si babu yetu. Huyu ni kaisari wa Warumi."

"Rumi ya kwenye Qurani?"

"Hiyo hiyo."

"Sasa kaisari wa Rumi alikuwa akitafuta nini kwenye muhogo wa bibi yangu?"

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Ukasema hakuja yeye, ilikuja sura yake, imechukuliwa na wafanyabiashara mfuko kwa mfuko, kama weye unavyochukua kanga Dubai. Ukasema zilikuwa chenji za sokoni, wamezipiga nyingi kama kokoto, na kila mahali alipotawala mtu alinunua kitunguu kwa uso wake. Hapo sikuona ubaya. Ila hukunyamaza.

"Na huku nyuma, Bibi, si kuinuana. Huyu ni askari wa kaisari. Huyu aliyeanguka ni adui. Hiyo si fimbo, ni mkuki, anamchoma nao. Na haya maandishi ya pembeni yanasema siku njema zimerudi."

"Siku njema za nani?"

"Za kaisari."

"Na huyu aliye chini?"

Ukapandisha mabega. Nikakurushia ndara, ikakupata begani. Nikakwambia nenda kamwambie mtaalamu wako anunue miwani. Mie nimezaa, nimezika, na wazaliwa wa kwanza wote wa nyumba hii wametafuna shaba hii. Leo uje kuniambia nimewafunga muuaji mkononi?

Ukaokota ndara ukanivisha mguuni. "Haya, mke wangu. Anamwinua." Ulisema kwa ile sauti wanayosemewa wazee. Nilikuwa radhi unitukane.

Mwaka jana ukanileta huku. Watu walikusema, ati unamburuta bibi kizee Uchina. Hawakujua kwamba ni mie niliyekaa mlangoni na mkoba wangu siku ile na kukwambia huendi bila mie, nimechoka kununua kanga kwa watu wanaonunua kwa watu. Pale sokoni Zhanxi hukuniachia mkono hata mara moja. Mikokoteni ikipita na mizigo ya viatu imefika juu kuliko milango, unapiga kelele, "Bibi, ukutani! Ukutani!" unanibana na mgongo wako kama kuku na kifaranga, na mie ndiye niliyekuogesha utotoni. Unamkumbuka yule mwanamke wa soksi? Kila nikitaja bei ananijibu "Meyo, meyo," hakuna, haiwezekani. Nikamjibu, "Meyo mwenyewe na mamako!" Akacheka, akanipa kigoda nikae, akaniuzia kwa bei yangu. Ukasema, "Bibi, wewe umezaliwa Guangzhou, umeibiwa tu."

Mambo yalianzia kwenye banda la jinzi. Umeinua suruali moja unaitazama nyuma ya kiuno, pale panaposhonwa kile kipande cha ngozi chenye picha. Hii ina farasi, ile ina simba, nyingine ina tai. Ukapapasa kwa dole gumba muda mrefu.

"Bibi, kila mtu hapa ana alama yake. Sisi yetu tunayo tangu enzi za Warumi, tunafunga watoto."

"Kaisari kiunoni mwa wahuni wa Darajani?"

"Kichwa kwenye kifungo. Farasi na wale watu wawili kwenye ngozi. Hakuna mwenye kitu kama hicho Unguja nzima."

Nikakwambia una wazimu. Lakini niliipenda. Nakwambia sasa kwa kuwa huwezi kunicheka. Niliipenda hata usiku ule sikusikia mbu wala honi, nikimwona kaisari na pua yake amefunga suruali za watu.

Basi ukarudi huku peke yako kuzishonesha, Salama tumbo limeshamtangulia mlangoni. Nilifungua kitambaa nikakupa sarafu mkononi ukaionyeshe kwa mafundi. Nikakwambia irudi kabla mtoto hajatolewa nje. Ukasema, "Nitaileta mwenyewe, mke wangu. Nitamfunga mwenyewe."

Aliyepiga simu ni Bi Zuhura wa Kariakoo, yule mnene wa vitenge aliyekaa huku mpaka anagombana na Wachina kwa Kichina. Alipiga kwa jirani, nikaitwa. Akasema, "Mama, kaa chini." Nikamwambia nimeshakaa, sema. Akasema. Homa uliondoka nayo nyumbani, ile ile yetu ya mbu. Huku hawaizoei, wakadhani ni mafua makali, na walipokuja kujua ni nini, damu ilikuwa imekwisha kuharibika. Lakini hata hospitali ulifikishwa umechelewa. Zuhura akasema ulikuwa unatetemeka siku kadhaa katika karakana ya vifungo kule Xintang, unaambiwa nenda, hutaki. "Anasema anangojea kazi imalizike. Kazi gani, Mama, mie sijui."

Nilikasirika, Feisal. Kabla sijahuzunika nilikasirika, na mpaka leo sijui kama nimekwisha kuvuka pale. Mtu mzima, mke ana mimba, homa inampiga, anakaa kusubiri vifungo! Kifungo kina roho? Suruali haiwezi kukaa wiki moja bila kifungo? Nilikulea ukiwa na akili. Sijui uliiacha uwanja gani wa ndege.

Nilipofika Zuhura alinipeleka kwanza kaburini. Waislamu wa hapa wana makaburi yao ya tangu zamani, yana miti, na ndugu wa Unguja na Dar walikuosha wakakuswalia vizuri, Mungu awalipe. Una kibao chenye Kichina, na jina lako kwa Kiarabu, hati nzuri kuliko yangu. Nilikusomea Yasini nikiwa nimesimama kwa kuwa nikikaa siinuki. Upande wako wa kulia amelala mzee wa Kichina, mjukuu wake akanipa chungwa. Nikalila. Sikujua la kufanya na chungwa makaburini.

Jana tulikwenda Xintang. Huko ndiko zinakotoka jinzi zote za dunia, nadhani. Hata maji ya mtaroni ni ya buluu kama wino. Karakana ya vifungo ni chumba kirefu, mashine zinagonga mpaka meno yanacheza. Laobani, yaani bosi mwenyewe, ni mwanamke, mfupi, amevaa mikono ya kitambaa juu ya mikono ya shati asichafuke. Nikamwambia Zuhura, "Mwambie mie ni bibi wa yule mrefu."

Laobani akasimama. Akanishika mikono yote miwili, akasema maneno mengi upesi upesi.

"Anasema walimwambia aende hospitali," Zuhura akanitafsiria. "Anasema hakumfungia mlango. Anaapa."

"Sijamuuliza mlango. Muulize kwa nini hakwenda."

Wakaongea. Zuhura akakunja uso. "Anasema ni kwa sababu ya mkono."

"Mkono gani? Aliumia mkono?"

"La, Mama. Mkono wa kwenye picha."

Ndipo wakamwita mchongaji, mzee mkavu, kioo cha kukuzia kimemning'inia shingoni, naye akaonyesha kwa vidole huku laobani akieleza na Zuhura akinitafsiria kipande kipande. Kwamba kichwa cha kaisari uliwaambia wakiweke kwenye kifungo kama kilivyo, pua na ushanga na utepe. Lakini ile picha ya ngozi uliwaambia wasiinakili. Uliwaambia watoe mkuki. Askari apewe mkono, mkono mtupu, na yule anayeanguka awe ameushika. Mchongaji akakataa, akasema picha ni picha, yeye si mtu wa kurekebisha wafu. Ukambembeleza. Akachonga muhuri wa kwanza, mkono ukatoka kama unamzaba kofi. Akachonga mwingine, ukatoka kama unampokonya kitu. Weye umelala juu ya marobota ya jinzi, umejifunika jinzi, unatiririka jasho, na kila akikuletea unainua kichwa, unatazama, unasema, "Bado."

Laobani akapunga mkono hivi, akasema mwenyewe, kwa Kiswahili, "Bado, bado." Wafanyakazi wakaitika nyuma yake, "Bado," wakainamisha vichwa. Karakana nzima ya Wachina, Feisal, Kiswahili wanachokijua ni hicho.

"Muulize aliwaambia kwa nini," nikasema.

Zuhura akauliza. Jibu lilikuwa fupi, lakini Zuhura alikawia kunipa. Alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kitenge, na mie namngojea kama mjinga.

"Anasema aliwaambia kaisari amekosea. Bibi yake ndiye anayeijua ile picha."

Nikatafuta pa kukaa. Wakaniletea kiti. Mchongaji akaniwekea mapajani kile kipande cha ngozi, kile cha mwisho, ulichokikubali siku waliyokubeba kwa mkokoteni kukupeleka barabarani kutafuta teksi. Farasi yumo. Aliyeanguka yumo. Na mwenye kofia ya chuma ameinama kidogo, ameunyoosha mkono, vidole vimefunga juu ya vidole vya mwenzake, na unaona kabisa kwamba atamvuta, uzito wote uko kwenye kisigino chake. Ni vile vile nilivyokuwa nikikwambia, fizi zako zikivuja mate kwenye kanga yangu. Kazi nzuri. Sina la kumlaumu yule mzee.

Nikasema nataka sarafu yangu. Laobani akaitoa kwenye kopo la chai. Nikaitambua kwa kidole kabla ya jicho. Kisha mchongaji, kwa heshima tu, akavua kioo chake shingoni akanipa. Macho yangu hayajawahi kuiona sarafu ile kwa uwazi huo tangu nizaliwe. Nilizoea kuijua kwa kugusa na kwa maneno ya bibi yangu.

Ni mkuki. Unaingia. Amemkanyaga mguu asiponyoke, na mkuki unashuka, na yule wa chini amegeuza uso nyuma kumtazama anayemuua, mdomo wazi. Ule mkono aliouinua haushiki kitu. Anaomba. Na pembeni, kote kuzunguka, yale maandishi ya siku njema. Na ukigeuza, kaisari na lulu zake hatazami hata huku. Anatazama mbele, kama mtu anayesubiri chakula.

Basi mlikuwa mkisema kweli, weye na mtaalamu wako wa mashimo. Bibi yangu alikosea, nami nimekosea umri wote huu. Sikuombi radhi kwa ndara. Ndara uliistahili kwa ile sauti yako.

Lakini weye ulijua, na hilo ndilo nisilokusamehe. Ulijua kuwa ni mkuki. Ulijua, ukalala juu ya marobota unachemka, ukingojea mzee wa watu ageuze mauaji yawe huruma, ili mie nisionekane mwongo kwenye kiuno cha kila kijana wa Unguja. Nani alikutuma? Nilikuomba? Nilikwambia kweli yangu ina thamani ya damu yako? Ningeukubali mkuki, Feisal. Ungenijia nyumbani na jinzi zenye mkuki, zenye vichwa vilivyokatwa, zenye matumbo nje, ningevaa moja mwenyewe juu ya buibui nikapita nayo Darajani mchana kweupe, nikasema, tazameni, mume wangu kazileta. Unadhani mie ni yai? Nimemzika mama yako. Ningeshindwa kuvumilia picha ya mtu mdogo kuliko chawa, ya watu waliokufa kabla ya Mtume?

Laobani akauliza kuhusu mzigo. Suruali zimekwisha, vifungo vimegongwa, ngozi zimeshonwa, zimekaa zinangoja neno la mwenyewe. Zuhura akanitazama. Nikasema ziende kwenye kontena. Salama ana mtoto wa kulisha, na picha ile umeilipia weye. Wacha vijana wavae. Hawatajua, na hawana haja ya kujua. Watadhani ni picha ya suruali tu.

Ila sarafu simfungi mwanao. Zuhura ananiambia, "Mfunge tu, Mama, mtoto haijui picha." Nikamwambia mie naijua. Kila atakapoitia mdomoni nitaiona ile ncha inavyoingia. Atakaa mikono mitupu, aote meno yake kwa kilio kama watoto wa watu wengine, na Salama akinitazama nitamtazama. Nilimwomba laobani uzi. Akanikatia ule mnene wa manjano wanaoshonea jinzi, akanifunga mwenyewe kifundoni mwa mkono, fundo la Kichina, halifunguki. Tangu ichimbuliwe haijavaliwa na mtu mzima. Wa kwanza ni mie, na itaishia kwangu. Atakayeniuliza nitamjibu kuwa ni askari wa Rumi anaua mtu, na akiuliza kwa nini nimeivaa nitamwambia aende zake.

Kesho asubuhi napanda ndege. Zuhura ameahidi kukupalilia kaburi. Mwanao bado hana jina la kudumu. Mama yake alikuwa ananingoja mie nirudi na sarafu ndipo aitwe. Nitamtajia moja nitakapomwona tena uso, si la mfalme yeyote.

Lala hapo ulipolala, mume wangu. Usikae macho kunisubiri. Nina mtoto wa kulea.

Mkeo mzee,
bibi yako, mama wa mama yako